Notburga aliyejua mashine itaganda

Saa mbili na nusu asubuhi, Majengo, mjini Songea. Notburga Mbawala amesimama katikati ya chumba, jicho kwenye saa yake ya mkononi. Makarani wanne wameketi mbele ya kompyuta nne, kila mmoja kidole juu ya kitufe.

"Haya, wote!" anasema, nao wanabonyeza kwa pamoja.

Kila kompyuta inauliza swali zito: kila kijiji kimechukua mifuko mingapi ya mbolea kwa misimu mitatu, na kimevuna nini. Ili kujibu, mashine kuu iliyo pembeni sharti ioanishe jedwali la wakulima, la mbolea na la mavuno, mstari kwa mstari. Ikiulizwa na mtu mmoja, hujibu kwa dakika mbili. Leo, ikiulizwa na wanne, dakika arobaini zinapita.

Notburga anauandika muda huo daftarini. Hashangai. Oktoba mwaka jana, 1998, alipata matokeo hayohayo, nayo ndiyo yaliyomponza.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alianza kama mpiga chapa wa chama cha ushirika. Ushirika ulipoyumba, kampuni binafsi ya pembejeo ikachukua ghala, taipu zikatupwa stoo, naye akapelekwa Dar es Salaam wiki sita kujifunza hifadhidata. Aliporudi akakabidhiwa kazi ya kuipima: aitwike mzigo kabla msimu haujaitwika.

"Niligundua jambo baya," anasimulia. "Wakubwa wakiomba ripoti zao, hata karani wa ghala anayetafuta jina la mkulima mmoja tu anasubiri. Na jina lisipoonekana, mfuko hautoki."

Alimpelekea meneja wake, Osmund, karatasi mbili za vipimo, akaomba ripoti zisitolewe siku za ugawaji.

"Dada, wewe ni mpiga chapa," anakumbuka akijibiwa. "Mashine hii imeletwa na wataalamu. Usitutie nuksi."

Mwishoni mwa Novemba wakulima wakajaa ghalani. Siku hiyohiyo wageni wa makao makuu walikuwa ofisini wakitaka ripoti, kwenye kompyuta zote kwa pamoja. Mashine ikaganda. Notburga akakimbia kumsihi meneja azisimamishe ripoti.

"Akaniambia nisimwaibishe mbele ya wageni."

Wageni walikaa siku tatu. Wakulima nao walikaa siku tatu nje ya ghala, mvua za kupandia zikawakuta hapohapo. Siku ya nne mifuko iliyobaki ikapakiwa kwenye malori kwenda wilaya nyingine. Kwa kuwa majina hayakufunguka, kompyuta zilionyesha mifuko hiyo haina wenyewe.

Miongoni mwa waliorudi mikono mitupu ni Kajetani, kaka yake wa tumbo moja.

"Mwaka jana nilivuna magunia ishirini na sita. Mwaka huu, saba," anasema Kajetani. "Mdogo wangu alikuwa ndani, mimi nje nalowa. Nilidhani hajui kazi. Sikumsemesha mpaka aliponionyesha ile barua."

Barua hiyo ilikuja Januari. Ilisema majaribio ya Notburga ndiyo yaliyoichosha mashine, hivyo amefukuzwa. Osmund alipandishwa cheo, akahamia Dar es Salaam.

Mwezi uliopita kampuni ilimwita tena, kwa kibarua cha siku, maana hakuna mwingine anayejua kuipima.

"Hawakuniomba radhi. Walisema tu, njoo Jumatatu. Nikaenda. Nina watoto."

Meneja mpya amepokea vipimo vya leo, akavitia kwenye faili. Hakuuliza swali hata moja.

Basi Notburga ana mpango wake. Kila jioni, nyumbani Mfaranyaki, yeye na Kajetani wananakili majina ya wakulima, na mifuko ya kila mmoja, kutoka orodha ndefu iliyochapishwa, wakiyaandika kwenye kadi za karatasi, kijiji kwa kijiji. Wamemaliza mia tisa. Yamebaki elfu moja na mia nne kabla ya Novemba. Mtunza ghala, mzee Athanasi, amekubali: kompyuta zikiganda, atatoa mifuko kwa kadi hizo.

"Watanifukuza tena, najua," anasema Notburga. "Lakini safari hii mbolea itakuwa imeshafika shambani."