Majina ya Wafu Katika Vitabu Vipya

Kitabu cha kwanza nilichopewa pale Kitengela nilikisugua. Nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki ndani ya duka la uchapishaji anakofanya kazi mjukuu wangu, goti limefungwa bandeji, na yeye akaniwekea kitabu mapajani kikiwa bado na joto la mashine kama chapati. Nikafungua. Ukurasa wa pili tu, doa. Doa la kahawia, la mviringo, kama mtu ameegesha kikombe cha chai. Nikasema moyoni, hawa vijana hawana adabu, kitabu hakijauzwa na wameshakinywea chai. Nikachukua ncha ya shuka yangu, nikailowesha mate, nikasugua. Doa halikutoka. Nikasugua mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya.

"Koko, unafanya nini?"

"Naosha uchafu wenu."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akaegemea mashine. Halafu akaniletea kitabu kingine kama kile, kipya, na doa lilikuwa pale pale, mviringo ule ule. Akanieleza. Kitabu chenyewe ni cha zamani sana, waliokiandika na waliokisoma kwanza wote ni udongo. Kuna aliyeweka kikombe juu yake, akaenda zake, akafa. Sasa wao wanapiga picha kila ukurasa vile ulivyo, na mashine inachapisha kila kitu, maneno na doa pamoja.

"Na kwa nini msitoe doa?"

"Wanunuzi wanalipenda, Koko. Linaonyesha kitabu kina miaka."

"Basi niuzeni mimi."

Nilikuwa nimetoka Kajiado kuja kutibiwa goti, na daktari alikuwa amesema nisirudi nyumbani mpaka alione tena. Nyumba ya mjukuu ni ya ngazi, na mimi na ngazi tuligombana siku ya kwanza. Kwa hiyo asubuhi alikuwa ananipeleka naye dukani, ananikalisha karibu na dirisha. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Kiswahili nakisoma polepole, kidole chini ya neno. Vitabu hivyo vilikuwa vya Kiingereza, tena Kiingereza cha zamani ambacho hata yeye alikuwa anakunja uso akikisoma. Lakini macho sikuyaacha nyumbani. Niliangalia picha zote.

Vilikuwa vya aina tatu. Kimoja kiliandika habari za wachoraji, kimoja cha watu wa sayansi, kimoja cha mahakimu na mawakili. Wanaume watupu. Hakimu mmoja alikuwa amevaa kitu kichwani, nikauliza kwa nini amejifunika kondoo. Mjukuu akasema ni nywele za bandia, ndiyo heshima ya korti. Nikamwambia baba yangu aliamua kesi za mpaka na za ng'ombe maisha yake yote akiwa na kipara, na watu walimheshimu. Mwingine, wa sayansi, alikuwa amepasua chura ili ajue moyo wake unapigaje. Huyo nilimpenda. Nikamuuliza mjukuu, sasa alijua? Akasoma, akasema ndiyo, alijua. Nikataka kujua chura alikufa saa ngapi, lakini hiyo haikuandikwa. Kwa ukurasa mwingine kulikuwa na kidole gumba cha mtu, kimeonekana pembeni. Ni cha yule aliyeshika kitabu kikipigwa picha. Nacho kikachapishwa. Nilikaa na hicho kidole muda mrefu kuliko nilivyokaa na wenye kitabu.

Lakini kitu kilichonifanya nisitulie ni majina. Kila sura ilianza na jina la mtu, kwa herufi kubwa, katikati ya ukurasa, peke yake. Chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Na mjukuu alikuwa akiyasoma kwa sauti, moja baada ya lingine, majina ya wafu, mchana, mlango uko wazi, huku mwenzake anakata karatasi na kuimba. Mimi nilikuwa namsikiliza na kungoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Hakuna kilichotokea. Mashine iliendelea kupiga kelele.

Nitaeleza, kwa sababu watoto wa siku hizi hawajui. Kwetu Umaasaini, kwa njia ya zamani, mzee aliye na watoto akifa jina lake linabaki, watoto wanalibeba. La baba yangu liko kwa kitambulisho changu na cha ndugu yangu. Lakini mwanamke akifa, au mtoto, au moran ambaye hajaoa, jina lake linazikwa. Halitajwi tena katika ile boma. Na kama jina linafanana na neno la kawaida, hilo neno nalo linazikwa, mnatafuta lingine. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, majina tunaandika kwa msalaba na kutangaza kwa redio, na mimi sikatazi mtu. Lakini mama yangu alikufa nikiwa msichana mdogo, kule upande wa Ewuaso Kedong, na jina lake lilizikwa kwa njia ile. Lilikuwa limetoka kwa neno letu la kitu laini. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyesema tena laini. Tulisema "kama siagi". Blanketi kama siagi, nyama kama siagi, njia baada ya mvua kama siagi. Nikaolewa nalo, nikazaa nalo, nikalea nalo wajukuu. Huyu wa kuchapisha vitabu alipoanza shule Kajiado, mwalimu wa Kimaa alimuuliza manyoya ya kondoo yakoje, akajibu ni kama siagi. Darasa zima likamcheka. Alirudi nyumbani akilia kwamba koko amemfundisha Kimaa kibovu. Sikumwambia sababu. Ningemwambiaje bila kulisema?

Siku hiyo dukani nilimwambia. Sijui kwa nini. Labda ni yale majina. Alizima mashine.

"Kwa hiyo neno zima lilipotea kwa sababu ya mtu mmoja?"

"Halikupotea. Liko. Sisi ndio tuliliacha."

"Na jina lenyewe nani analijua sasa?"

Nikaanza kuhesabu kichwani. Baba, hapana, ameenda. Dada za baba, wote. Mke mwenza wa mama, aliyetulea, ameenda pia. Ndugu yangu alikuwa bado ananyonya.

"Mimi," nikasema.

"Wewe tu?"

"Umeniona na mtu mwingine hapa?"

Baada ya hapo mjukuu hakuniacha. Alikuwa na mpango ambao hakuwa ameniambia. Mwenye duka alikuwa amemruhusu kutengeneza kitabu kidogo chake mwenyewe, kwa mtindo wa vile vya zamani, lakini cha watu wa kwetu. Wa sheria angekuwa baba yangu na kesi zake. Wa sanaa alikuwa mzee mmoja wa Oltepesi aliyechora ngao. Wa sayansi hakuwa amempata. Akaniuliza mama yangu alikuwa anafanya nini.

"Alikuwa anageuza ndama."

"Kugeuza vipi?"

"Ng'ombe akishindwa kuzaa, ndama amelala vibaya ndani. Mama alikuwa na mkono mwembamba. Anapaka mafuta, anauingiza mpaka kwa bega, shavu lake limebanwa kwa matako ya ng'ombe, macho amefunga. Anatafuta miguu kwa vidole. Anasukuma, anageuza, anavuta. Walikuwa wanakuja kumchukua kutoka mbali, hata wazee wasiosalimia wanawake."

"Koko, hiyo ni sayansi."

"Hiyo ni mavi na damu."

"Ni sayansi pia. Yule wa chura hakuwa msafi."

Akaandika yote kwa kompyuta nikisema. Habari ya yule ng'ombe mweusi aliyemkanyaga mama mguu, mama akamaliza kazi kwanza ndipo akapiga kelele. Na vile alivyonipa mimi kushika mkia. Ilitoka kurasa kadhaa. Halafu akaichapisha ya kujaribu, akaniletea. Juu, katikati, mahali pa herufi kubwa, palikuwa peupe.

"Andika mama wa, halafu jina langu mimi," nikamwambia. "Ndivyo alivyoitwa na watu wote."

"Nikiandika hivyo nimekutaja wewe. Yeye bado hayupo."

Nilirudi kwa dirisha. Akasema mashine inaanza Ijumaa, na nikikataa ataacha peupe hivyo hivyo, hatanilazimisha. Hilo lilinikera zaidi. Mtu akikulazimisha unajua pa kupigana.

Nikampigia ndugu yangu simu. Sitaki kusema nilikuwa natafuta ruhusa yake, mimi ndiye mkubwa. Lakini ni mama yake pia. Alikuja Alhamisi kutoka Ewuaso Kedong, na fimbo yake na koti la mvua, na hakukuwa na mvua. Mjukuu akainamisha kichwa, naye akakigusa, wakasalimiana kwa Kimaa.

"Takwenya."

"Iko."

"Nasikia mnauza wafu."

"Babu, kaa kwanza," mjukuu akasema. "Chai iko."

"Chai nitakunywa. Kuuza wafu mtaacha."

Alikaa. Akasema mengi. Akasema kitu kilichozikwa hakifukuliwi, na kwamba wazungu wa kwenye vile vitabu walikuwa na desturi yao na sisi yetu. Akasema jina la mwanamke wa boma yetu haliwezi kukaa Kitengela kwa rafu, karibu na daftari na gundi, kila mlevi anakuja kulishika. Nilimsikiliza. Nusu ya hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Akachukua kitabu cha mahakimu akakifungua, akaona doa, na yeye akalisugua kwa kidole gumba. Mjukuu akaniangalia.

"Hawa nao majina yao mmeyaandika?" akauliza.

"Yote."

"Na hawakuwasumbua?"

"Wamesumbua printa tu. Inakwama."

Hakucheka. Akafungua kurasa nyingine, akauliza aliye na kondoo kichwani ni nani, mjukuu akamsomea, jina na kazi na alikofia. Akauliza wa pili. Akauliza wa tatu. Nikaona sasa anasikiliza vile nilivyokuwa nasikiliza mimi, kichwa pembeni kidogo.

"Na hili lenu mnalotaka kuandika," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "linafaa vipi kusomwa na watu? Ni jina zuri, ama ni lile la kuchekesha?"

Hapo ndipo nilielewa. Nilikuwa najua, lakini sikuwa nimelifikiria mpaka mwisho. Mtu huyu, mzee mwenye meno machache, amekaa mbele yangu akilinda kitu ambacho hajawahi kukiona. Alipochukua kitambulisho, mahali pa jina la mama aliandikisha la yule aliyetulea, kwa sababu ndilo pekee alilokuwa nalo. Ameoa, ametahirisha watoto, ameongoza wazee, na hajui mama yake aliitwa nani. Na hakuwahi kuniuliza. Angeniuliza ningemkemea.

"Ni jina zuri," nikamwambia.

Akasema chai ina sukari nyingi. Akasimama, akachukua fimbo.

"Mimi natoka nje kidogo. Mkiwa na mambo yenu ya kuongea, ongeeni. Mimi sitakuwepo."

Alitoka, akasimama chini ya dirisha. Fimbo yake niliiona hapo kwa kioo, haikusonga hata kidogo. Njia nzima ya Kitengela iko wazi, kuna viti kwa kibanda cha matunda, lakini yeye alitaka kusimama hapo tu.

Mjukuu alikuwa ameshaweka vidole kwa kompyuta. Nikamwambia asiandike kwanza, asikie kwanza. Nilikohoa. Nilikuwa naogopa kwamba nimelisahau, kwamba nitafungua mdomo na kitu kingine kitoke, kwa sababu niliwahi kulisikia tu kwa sauti za watu wengine, sikuwahi kulisema mwenyewe. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina. Halafu nikalisema. Lilitoka bila shida. Nikalisema tena kwa sauti zaidi, nikielekeza kichwa kwa dirisha.

Mjukuu akauliza herufi. Mimi herufi za Kimaa sikufundishwa. Tukalijaribu mara kadhaa, hii imezidi, hii imepungua, mpaka nikaliona kwa karatasi, kubwa, nyeusi, katikati, na nikalisoma mwenyewe kwa kidole.

Ndugu yangu alirudi ndani bila kuitwa. Hakusema habari ya wafu wala ya rafu. Alisimama mbele ya ile karatasi, na kwa vile hajui kusoma, akanyoosha fimbo akagusa neno.

"Ni hili?"

"Ndilo."

Akafungua mdomo, akafunga. Akalisema. Akalisema vibaya, akavuta pale mwanzo ambapo hapavutwi, kama mgeni anayejaribu jina la mji asioujua.

"Siyo hivyo," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia.