Je, Chombo cha Maharamia Kina Mabawa?

Jamani wapenzi wa tamthilia ya vyombo vya anga, nimewaficha jambo kwa miaka, nami sina siku nyingi. Binti yangu ananiandikia haya.

Leo, baada ya matanga ya mke wangu, nimerudi kwenye banda la video hapa Chang'ombe.

Ubishi ni ule ule. Nikasema chombo cha maharamia hakiwezi kutua kwenye sayari, maana hakina mabawa.

"Lakini babu, hiki kipya si kina mabawa?" akauliza Yohana, kijana wa hapo bandani. "Hicho hapo kwenye televisheni. Au unaogopa kushindwa?"

Wakacheka.

Nikainama kushoto, kama kawaida yangu, nikasubiri mnong'ono.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu.

Mimi sioni. Vyombo vyote nilivyowabishia, mke wangu ndiye aliyeviona.