Gogo na Njia Mpya ya Baiskeli

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Gogo. Wala hachukii, maana gogo ndilo lililokuwa likimfikisha chini akiwa mzima. Kazi yake ilikuwa kuteremsha kabichi kwa baiskeli, kutoka mashambani juu ya mlima hadi kwenye mizani yangu sokoni. Ukishapakia magunia nyuma, breki za baiskeli ni mapambo tu. Raba zinaungua hata hujafika kona kubwa. Kwa hiyo wateremshaji wote walifunga kwa kamba gogo lenye vishina vya matawi, likawa linaburuzwa nyuma yao kwenye changarawe ya kando ya barabara. Vishina vinachimba kama jembe, na mtu anashuka taratibu kama bibi harusi.

Kilichowaudhi ni kupanda. Changarawe inateleza, mashimo kila mahali, na malori yanakupita karibu mpaka unasikia joto la injini shingoni. Gogo akashika bango: tunataka njia ya baiskeli yenye lami. Alienda ofisi ya barabara mpaka mlinzi akachoka kumuuliza shida yake.

Mwishowe akapewa. Lami laini juu ya changarawe yote ya kando, mstari mweupe, na picha ya baiskeli imechorwa chini. Siku ya kwanza walipanda wakiimba. Waliposhuka na mzigo ndipo wakagundua kwamba katika kelele zote zile hakuna aliyekumbuka gogo. Kwenye lami vishina havikushika kitu. Gogo liliruka, likayumba huku na huko, likivuta baiskeli nayo iyumbe. Shemeji alifika kona kubwa kama jiwe lililotupwa, akakuta lori limeegeshwa ndani ya njia ya baiskeli, dereva anapoza breki. Akachagua mtaro.

Tulimkuta zahanati, bega limefungwa.

"Baba watoto, ndiyo hiyo njia uliyoililia?" dada akamuuliza.

"Niache kwanza. Si niko hai?"

"Na kabichi je?" nikauliza mimi.

"Kaka, na wewe!" dada akanikemea.

Nilikuwa na wateja wanasubiri.

Bega lilipopona nikamsindikiza ofisini, maana akikasirika hasemi, anapumua tu.

"Mheshimiwa, tunaomba changarawe pembeni ya lami," nikasema. "Pale kwenye kona tu."

Ofisa akacheka, akamgeukia Gogo. "Mzee, si wewe uliyenisumbua nikuwekee lami?"

"Ni mimi."

"Sasa nikubomolee?"

"Usibomoe, ongeza. Na malori yasiegeshwe pale."

"Malori waulize trafiki."

Trafiki wakasema hawawezi kumkamata mtu pasipo na kibao, na vibao ni kazi ya ofisi ya barabara. Tukarudi. Ofisa ametoka. Tukarudi tena. Yuko kikaoni.

"Shemeji, hawa wananipiga danadana," Gogo akasema, akapumua.

Akaanza kushuka kwa miguu, ameikumbatia baiskeli. Anafika wanunuzi wameshaondoka na kabichi zimelegea. Nikampa bei ya kabichi zilizolegea. Dada akanijia juu.

"Mpe bei ya zamani! Huyu ni ndugu yako!"

"Yeye ndiyo. Kabichi hapana."

Lakini nilipiga hesabu zangu. Nikapandisha mizani mlimani, juu ya ile kona, mzigo ushuke kwa lori langu. Bei ya kule ni ndogo, lazima iwe ndogo, kwa sababu kuteremsha sasa ni gharama yangu. Wenzake walikubali siku hiyohiyo.

"Umeninyang'anya mteremko, shemeji," Gogo aliniambia.

"Nimekuachia bega."

Akatema mate pembeni. Sasa analeta kabichi mpaka hapo tu, na bado anaenda ofisini kudai changarawe yake. Njia ya baiskeli inang'aa, haina baiskeli.

Kule juu sehemu ya tambarare ni moja, kwa hiyo lori langu linaegeshwa hapohapo kwenye njia, juu ya ile picha ya baiskeli. Juzi Gogo alikuja akapiga bodi kwa ngumi.

"Toa gari lako kwenye njia yetu!"

"Nilipeleke wapi?"

Akatazama huku, mlima. Akatazama kule, bonde. Akapumua. Kisha akainua gunia la kwanza, akaanza kupakia.