Aliyetembea kwa Kichwa Ndani ya Stoo

Nawasimulia ninyi kwa kuwa hamnijui sura. Wanafunzi wangu hapa Marereni waliiogopa stoo ya maabara. Walisema ina jini. Mimi, mwalimu mgeni kutoka bara, nikawacheka. Alhamisi tulikuwa tumetengeneza kamera za mikebe ya kakao: unatoboa tundu kwa msumari, nuru inapenya, picha inatokea kichwa chini.

Ijumaa adhuhuri niliingia stoo kutafuta lenzi. Upepo ukaufunga mlango. Katika giza lile, ukutani, nikamwona mtu mwenye vazi jeupe, miguu juu, akitembea kimya kwa kichwa.

Nikapiga ukelele. Akasimama. Akanigeukia, akawa anakuja, akizidi kuwa mkubwa, mpaka ukuta wote ukawa mweusi.

“Yesu niokoe!” nililia, nimejikunyata chini ya meza.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mwalimu mkuu, amevaa kanzu ya kwendea msikitini. Mimi nilizoea kumwona na suti. Nyuma yake, darasa zima.

Mwanafunzi wangu Kadzo akaziba kwa kidole tundu la msumari mlangoni.

“Pole, mwalimu,” akasema kwa upole. “Leo ulikuwa ndani ya mkebe.”