Rimoti Iliyobaki

Juzi nilirudi Kitale kuondoa vitu vya marehemu mama kwenye nyumba yetu ya kupanga, na katika droo nikakuta ile rimoti, bado imefungwa raba ili betri zisidondoke. Wewe uliyekua na ndugu saba huenda usinielewe upesi. Mimi nililelewa na mama na hiyo rimoti.

Tulihama kutoka Sirisia tukiwa wawili tu. TV yetu iliungua mara tulipofika, stima ilipopotea na kurudi kwa nguvu, na fundi akaichukua kwa vipuri. Rimoti niliing'ang'ania. Mama akasema mwana akililia wembe mpe, akaniachia. Yeye alishinda sokoni akipepeta mahindi. Nikitoka shule nilijifungia ndani, na sheria ilikuwa moja: usimfungulie mtu. Nilikula githeri baridi, mahindi na maharagwe ya jana, nikasugua sufuria kwa majivu, nikasikiliza bodaboda zikipita. Upweke ulinizidi hadi nikawa napiga gumzo na sufuria.

Ng'ambo ya uwanja mdogo tuliotumia na wapangaji wenzetu, dirisha lake likitazamana na letu, aliishi nesi mstaafu, mtu wa Bungoma. TV yake ilikuwa ya aina moja na ile yetu. Siku moja nilielekeza rimoti huko kwa mchezo tu, nikabonyeza, na sauti ya TV yake ikashuka. Baada ya kitambo ikapanda. Nikashusha tena. Ikapanda tena. Ikawa ndiyo shughuli yangu ya kila alasiri.

Jumamosi moja nilimuuliza yule fundi. Alielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, nikaona taa ya zambarau ikipepesa, taa ambayo macho yangu hayakuiona kabisa.

"Kila batani iko na mpangilio yake ya kuwaka na kuzima," akasema. "Hivyo ndio TV inajua kama unataka sauti ama stesheni. Na inawaka mbio sana, ndio TV isiichanganye na mwangaza ya jua. Kioo inapita, pazia nzito haipiti."

Nikamuuliza kama TV humjibu anayebonyeza.

"Ijibu aje? Rimoti haina jicho. Yake ni kutuma tu, bana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, kwa kuwa nilichotaka kujua ni kama yule nesi alijua ni mimi. Tukikutana tukichota maji kwenye mfereji aliniuliza tu, "Umekula, mtoto?" Labda alidhani TV yake imeharibika. Hata msimu wa mvua, kila nyumba ilipofunga mapazia mapema kwa baridi, lake lilibaki wazi, nami sikujiuliza kwa nini.

Mama alinieleza nikiwa mtu mzima. Kila jioni nesi alimngoja langoni na kumwambia, "Mtoto ako sawa. Leo amenisumbua na sauti tangu nikae." Na siku niliyolala na malaria bila kubonyeza chochote, ndiye aliyempigia mama simu arudi mbio. Nilipoyasikia hayo, nesi alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Bungoma. Sikuwahi kumshukuru, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hiyo juzi niliitia rimoti betri mpya, nikaitazama kwa kamera ya simu. Taa bado inapepesa. Kwenye dirisha la nesi sasa kuna wapangaji wengine, na pazia lilikuwa limefungwa mchana kweupe. Nilisimama pale pale nilipokuwa nikisimama, nikabonyeza sauti ishuke, nikangoja ipandishwe.