Mtu wa Kumwamkia

Rozina wa Kasense alitimiza miaka sitini na mitano mwezi wa Juni, majira ya kuvuna ulezi. Kitambulisho chake cha matibabu ya bure kwa wazee kilikuwa na miaka minne ndani ya kitabu cha sala, na hakuna muuguzi aliyewahi kukiona. Dawa za presha alinunua duka la dawa la Mazwi, na zikipungua alikata kidonge nusu.

"Mama, kata kuni, siyo dawa," alisema mkwewe, Debora. "Nenda hospitali, dirisha la wazee."

"Nikikaa na wazee, mbele yangu atabaki nani?"

Debora alijua anasema nini. Hellena, dada wa pekee wa Rozina na mkubwa wake wa mwisho, alifariki Kaengesa mwezi wa Machi. Kila Jumapili baada ya misa Rozina alikuwa akimpigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

Iwe saa tatu, iwe saa nane, swali lilikuwa hilo. Tangu Machi, kanisani, sokoni na njiani, Rozina alikuwa mtu wa kuitikia tu. Marahaba, marahaba. Jumapili aliishika simu, kisha akaiweka.

Jumanne ya pili ya Julai kizunguzungu kilimwangusha shambani. Kesho yake Debora alimpeleka hospitali kwa bodaboda.

Benchi la wazee lilikuwa nje, juani, likiwa na watu sita waliovaa makoti kwa baridi ya Julai. Rozina alisimama mbele yao. Mzee mmoja mwenye mkongojo akamtazama juu hadi chini.

"Kliniki ya watoto iko upande ule."

Benchi zima likacheka.

"Mwache, Maximilian," alisema bibi aliyekaa mwisho. "Wewe, umezaliwa lini?"

"Mwaka wa sitini."

"Eh! Mwaka huo mimi nalima, na mtoto mgongoni."

Rozina akapiga goti kidogo. Neno ambalo hakuwa amelisema tangu Machi likatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea ukae, unanizibia jua."

Akakaa. Alisubiri kidogo, kama bado kuna kitu kinafuata. Bibi alikuwa ameshafumba macho, anaota jua.

Muuguzi alipokuja kukusanya vitambulisho, Rozina alitoa chake kwenye kitabu cha sala. Kisha akafungua pindo la kanga, akavunja katikati kiazi cha kuchemsha alichokuja nacho.

"Umekula, mama?"