Tulisoma Fatiha Tufungwe

Asubuhi nilikuwa wa mzee, jioni nilikuwa wa timu, na kwa miaka mingi hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Mzee alikuwa na banda la ngozi upande wa Kiwanjani, karibu na uwanja wa ndege ambao ndege zenyewe zilikuja kwa msimu. Kazi yangu ilikuwa kupaka ngozi chumvi, kuzitundika kivulini zikauke, na kufukuza mbwa. Saa kumi tulinawa, ingawa harufu ile si ya kutoka kwa maji, tukaenda uwanja wa mpira. Hapo aliacha kuwa tajiri wangu, akawa kocha.

Tangu siku ya kwanza aliniweka beki. Nilikuwa mrefu, na kwake mtu mrefu ni wa nyuma, kama nguzo ya boma. Hakuna aliyebishana naye. Nusu ya timu ilikuwa imekunywa chai yake tangu utotoni, na yeye alimsemesha kila mtu kwa lugha ya mamake: Waborana kwa Kiborana, Wasomali kwa Kisomali, kipa wetu kwa Kiturkana cha kubahatisha, na vijana wa Kimeru aliwatukana kwa Kimeru hadi wakacheka wenyewe. Upepo wa alasiri, ule unaopeperusha mchanga na majani ya kufungia miraa mpaka katikati ya uwanja, aliujua kama mtu anavyomjua shemeji mkorofi. Alijua utatulia lini na utarudi na hasira gani.

Mimi nilitaka kucheza mbele. Nilitaka sana, hata usingizini miguu yangu ilikuwa ikipiga mashuti. Lakini utamwambiaje mtu aliyekupa kazi babako alipofariki kwamba amekukosea? Nilinyamaza nikajiambia hiyo ni heshima. Siku hizi nikisikia kijana akisifiwa kwa kunyamaza mbele ya wakubwa, nakasirika bure, na wanangu hawaelewi kwa nini.

Kisha tukafungwa vibaya na timu ya Nanyuki, kwao na kwetu. Kamati ya timu, yaani wafanyabiashara wa mjini na maafisa waliopenda kukalia viti siku ya mechi, ikaona dawa ni kocha mwenye cheti. Mzee hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha kuuza ngozi. Wakampigia makofi, wakampa blanketi, wakamwambia apumzike. Kesho yake asubuhi alikuja bandani kama kawaida, akaniuliza kama chumvi inatosha.

Kocha mpya alikuwa karani kijana kutoka Meru, suruali imepigwa pasi, filimbi shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Lakini uwanjani alitaka Kiswahili peke yake, tena cha haraka, na hapo ndipo timu ilipoanza kuvunjika kabla hata sisi hatujaamua kuivunja. Tulikuwa na winga wa kushoto aliyetoka Biliqo, huko malishoni kwa Waborana, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei za sokoni. Chini ya mzee alikimbia kama mtu aliyeona mvua kwao. Sasa kila akiagizwa kitu alisimama kwanza, anakisia, anatuangalia midomo, na mpira unampita.

Juma la kwanza karani alituita mmoja mmoja pembeni. Nilidhani nitapimwa urefu. Badala yake aliniuliza, "Wewe unapenda kucheza wapi?" Sikuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Nikajibu kabla sijafikiri kwamba napenda mbele. Akasema ataangalia, akamwita mwingine, nami nikarudi kwa wenzangu nikiona aibu kama mtu aliyesengenya nyumbani kwao.

Nahodha wetu alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Jioni moja alitukusanya nyuma ya hoteli ya chai akasema dawa ni moja tu: tufungwe. Tucheze kama watu wenye malaria, na kamati yenyewe itakwenda kumpigia mzee magoti. Ili mtu asije akageuka, aliinua mikono, tukasoma Fatiha. Vijana wa Kimeru, Wakristo wale, walifumba macho wakaitikia amina kutuzidi sisi. Sijui kama kuna timu nyingine iliyomwomba Mungu ishindwe. Nami niliinua mikono, na naapa kwamba dakika ile nilikuwa mkweli.

Tukafungwa. Lakini wahenga walisema mchezea zuri baya humfika, na kujifanya mgonjwa si mchezo. Kipa alianza kwa kuachia mipira makusudi. Baada ya muda akawa anaachia hata ile aliyotaka kuidaka, na siku moja nilimkuta nyuma ya goli akilia kweli. Miguu iliyozoea kuchelewa haikukumbuka tena kuwahi. Hata winga wa Biliqo, ambaye sina hakika kama alielewa tulichoapa, alikuwa amekwisha. Mimi peke yangu mazoezini nilikuwa nazidi kuwa mzuri, kwa sababu karani alikuwa akinijaribu mbele mara mojamoja, na mazoezi hayakuwa ndani ya kiapo. Nilijitetea hivyo.

Asubuhi nilimpelekea mzee habari za kufungwa kama mtu anayepeleka zawadi. Nilitarajia atabasamu hata kidogo. Alisema pole, akauliza nani aliumia, kisha akaendelea kukwangua nyama kwenye ngozi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tunafungwa kwa ajili yake. Angetupiga.

Nanyuki walipokuja tena, mji mzima ulijua mambo yalivyo: karani akifungwa leo anaondoka, mzee anarudi. Mzee mwenyewe alikuja, akasimama mbali, kati ya watu waliokuwa wakitoka mnadani na mbuzi wao. Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao. Kipindi cha pili upepo ulikuwa nyuma yetu, na karani akaniita kutoka pembeni, akanionyesha kwa kidole: nenda mbele. Nahodha alinitazama. Aliinua viganja vyake kidogo tu, kunikumbusha.

Mpira ulirushwa juu, upepo ukaubeba, beki wao akaukisia vibaya. Ningeweza kuteleza. Uwanja ule ulikuwa wa changarawe, watu waliteleza kila siku bila kuapa. Ningeweza kuupiga juu, hakuna ambaye angenilaumu, maana nani alijua mimi ni mtu wa kufunga? Lakini mguu ulikuwa umengoja miaka. Nikafunga, na watu wakaingia uwanjani na mbuzi zao. Hilo la kwanza naweza kulisingizia mguu. La pili nilililenga. Nilimwona kipa wao amesimama wapi, nikachagua pembe, nikaupeleka huko.

Baada ya mechi nahodha alinifuata nikivua viatu.

"Mikono yako ilikuwa juu kama yetu," akasema, akaenda zake.

Kesho yake nilichelewa kwenda bandani, na nilikuta mzee ameshaanza kazi yangu, anapaka chumvi. Nikamsalimu salaam aleikum, akaitika.

"Kumbe wewe ni mtu ya mbele," alisema bila kuinua macho.

Nikamwambia ulikuwa upepo, mzee, upepo ulinisaidia.

"Upepo hiyo mimi najua. Haifungi mbili." Akageuza ngozi. "Ulijua toka lini?"

"Toka zamani."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa kukukosea heshima, mzee."

Akafikiri. "Huyo kijana ya Meru, yeye ulimwambia?"

Nikasema aliniuliza. Nilisema taratibu sana, lakini hakuna namna ya kulisema neno hilo likawa dogo. Mzee aliacha chumvi. Alikaa pale akiangalia mikono yake, na mimi, ambaye nilikuwa nimekuja tayari kutukanwa, nikatamani anitukane.

Nahodha hakukata tamaa. Alikwenda kwa kamati akakiri yote, Fatiha na kila kitu, akawaambia wamrudishe mzee ama wachezaji karibu wote wataondoka. Kamati iliona haya na pia iliogopa, ikakubali. Wakaja bandani wote pamoja, wanakamati wakiziba pua kwa leso, nahodha mbele, kumwomba mzee achukue timu yake. Mimi nilikuwa pale nimeinama juu ya ngozi ya ng'ombe.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza kwa nini walifikiri kwamba kufungwa ni zawadi ya kumpa mtu.

"Huyu mimi nashinda naye, nafanya kazi naye, nakula naye," akasema akinionyesha. "Na sikumwona. Sasa nyinyi wengine, nani anajua nimewaweka wapi? Wacheni karani afundishe."

Walimbembeleza, akakataa. Alisema aletewe winga wa Biliqo tu, kila asubuhi, amweleze kwa Kiborana yale ambayo karani amesema jana. Zaidi ya hapo hataki kusikia habari ya mpira.

Mimi sikuinua kichwa. Nilisugua chumvi mahali pale pale mpaka ile ngozi ikaanza kuchubuka. Nahodha, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu siku ya mechi, alinijia akaniwekea mkono begani, mkono ule mzito, akaniambia basi, ndugu yangu, basi, ni mapenzi ya Mungu. Alidhani nalia. Nilikuwa nimeficha uso kwa sababu nilikuwa na furaha: Jumamosi ningecheza mbele.